Sanduku la Mabinti Wawili

Mliniuliza pale kijiweni, siku niliyorudi, kiatu cha pili kiko wapi. Nikawajibu kwamba ni habari ndefu, mkacheka, mkaagiza kahawa nyingine, kisha mvua ikatutawanya. Sasa nimekaa niwaandikie yote, maana nasikia kila mmoja ameshaanza kunitungia habari yake. Ile ya kwamba nilikimbizwa na ng'ombe huko Handeni si ya kweli. Ng'ombe nilikutana nao, lakini walikuwa na adabu.

Mnanijua mimi ni mtu wa kuzunguka. Nikikaa mahali miezi mitatu miguu inaanza kuwasha. Safari hii lakini haikuwa yangu, ilikuwa ya Mama mkubwa.

Mama yangu alifariki kwetu Kwaluguru wakati wa masika. Dada yake, Mama mkubwa Mwajuma, ambaye aliolewa Magoma na yuko huko mpaka leo, hakumzika. Alikuwa amelazwa hospitali, mguu umevunjika na umefungwa uzito, hata kugeuka kitandani hawezi. Tulimpa habari kwa simu. Akasema, "Haya," akarudisha simu kwa binti yake. Tangu siku ile hakutoa chozi. Ameshatoka hospitali, anatembea kwa fimbo, lakini akimtaja mama ni kama yuko chumba cha pili: mdogo wangu hapendi chumvi nyingi, mdogo wangu atakuja ukifika msimu wa machungwa. Binti yake alikuwa ananipigia simu kwa wasiwasi.

Kisha siku moja akapiga mwenyewe. "Athumani, niletee sanduku letu. Na usilifungue. Nataka nilikute alivyolifunga yeye."

Sanduku hilo babu alilitengeneza kwa mvule, kuwekea matandiko ya binti zake. Watu wengine walimtengenezea kila binti sanduku lake. Babu akatengeneza moja, refu kupita kawaida, lenye ubao wa kugawa katikati. Kushoto mkubwa, kulia mdogo. Mama mkubwa alipoolewa alichukua mashuka yake ya upande wa kushoto na kuliacha sanduku, kwa kuwa hakuona mdogo wake angeweka wapi vitu vyake. Hivyo likabaki Kwaluguru, na mimi nimekua nikilipanda kama farasi.

Kulitoa chumbani

Nyumba ya mama imeanza kuliwa na mchwa kuanzia jikoni. Sanduku lenyewe lilikuwa salama, miguu yake minne imesimama ndani ya vikopo vya mafuta ya taa, kama mama alivyozoea kuyaweka mambo yake. Ufunguo alikuwa nao Mama Zaina, jirani aliyemuuguza mpaka mwisho. Aliufungua kutoka kwenye pindo la kanga yake, akaushika kidogo kabla ya kunipa.

"Aliomba kukalishwa, akapanga mwenyewe," aliniambia. "Mimi nilimshika mgongo tu. Akafunga, akanipa ufunguo, akasema sasa nimechoka."

Vishikio vya chuma vilishakatika zamani. Wanaume wa jirani wakakata miti miwili mirefu, wakaifunga kwa kamba ubavuni mwa sanduku, huku na huku, wapate pa kushikia. Kazi nzuri. Nikatoa turubai langu nilifunike.

"Hiyo nini?" akauliza Mama Zaina.

"Turubai, Mama Zaina. Kuna vumbi, na mvua inaweza kunyesha."

"Sanduku la mama yako Hadija lipite barabarani limefunikwa kama gunia la mkaa?" Akaingia ndani kwake, akatoka na shuka jeupe lililopigwa pasi na kanga ya mama, ile ya kijani. Akalitandika shuka juu ya sanduku likaning'inia pande zote, kisha kanga juu yake, akafunga pembe kwa pini. Turubai akaniambia nilikunje nikalie.

Hakuniruhusu kuondoka kabla ya kula. Alisonga bada, ule ugali wa muhogo unaovutika, kwa mbaazi za nazi.

"Shiba vizuri. Ukiondoka na njaa watasema kwa Mama Zaina hakuna chakula."

"Watasema nani, na njiani hakuna anayenijua?"

"Utawaambia wewe. Mdomo wako naujua tangu unaota meno."

Kwaluguru hadi Handeni mjini

Tuliondoka na guta, ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma. Dereva alikuwa mtu mzima asiyependa maneno. Mimi nilikaa nyuma juu ya turubai langu, mkono mmoja juu ya sanduku lisiruke kwenye mashimo.

Nataka niwaambie kitu kuhusu watu wa Handeni. Nimezunguka nchi hii, lakini heshima niliyoiona siku ile sijaiona kwingine. Tulifika mahali ng'ombe wamejaa barabara. Mnajua kawaida: unapiga honi, ng'ombe anakuangalia, mchungaji anakuangalia, mnakaa hapo. Mchungaji wao, mzee wa Kimasai, alipotuona alipiga mluzi, akawapeleka wote majanini, kisha akasimama kando ameinamisha kichwa mpaka tumepita. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Mbele kidogo, kwenye maduka, wanaume waliokuwa wanacheza bao wakasimama. Mmoja akavua kofia. Mwanamke aliyebeba ndoo akaitua chini na kutulia kando ya njia. Mimi nikawa nasalimia kila mtu, "Hamjambo, hamjambo jamani," natabasamu kama mgombea udiwani. Wakawa wananitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Nikajiambia, nimekaa mbali muda mrefu, kwetu watu wamekuwa na adabu kubwa.

Handeni hadi Korogwe

Handeni mjini nilichelewa sana. Fuso niliyoahidiwa ilikuwa imelala juu ya jeki, na utingo wake alikuwa amelala chini yake. Nilikula mihogo ya kuchemsha na pilipili, nikanywa chai ya mchaichai, nikala mihogo tena. Sanduku nilikuwa nimeliweka kivulini, ubavuni mwa duka la vifaa vya baiskeli. Mwenye duka alizima muziki wake. Nilimwambia mimi muziki haunisumbui, akasema hapana baba, haifai.

Tulipoondoka, Fuso ilikuwa na mahindi chini na sanduku juu, limefungwa kamba, na kanga ya mama inapepea. Njiani kuna kizuizi cha kukagua mbao na mkaa. Akaja ofisa mmoja mwanamke, akapanda juu ya gurudumu, akainua pindo la shuka.

"Hii ni mvule."

"Ndiyo, mama. Sanduku la mashuka. La zamani, lilitengenezwa kabla sijazaliwa."

"Fungua nione."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Nikamwambia ukweli wote: mama amekufa, dada yake hakumzika, hajalia mpaka leo, na ameomba alikute sanduku kama lilivyofungwa. Nikasema ukinilazimisha nitafungua, lakini nitakachompelekea hakitakuwa alichokiomba.

Akainama, akaweka pua kwenye tundu la ufunguo, akavuta pumzi.

"Kivumbasi," alisema. "Bibi yangu kule Lushoto alikuwa anakausha majani yake na kuyaweka katikati ya mashuka. Wadudu hawasogei." Akavuta tena, safari hii si kwa ajili ya kukagua. Akalirudisha pindo la shuka mahali pake, akalinyoosha kwa kiganja.

"Nani alilifunika hivi?"

"Jirani yetu. Kwa ajili ya vumbi."

Akanitazama, akaitazama ile miti ya ubavuni, akaitazama kanga. "Baba, mimi ningekuwa wewe, hii kanga ningeiondoa."

"Kwa nini?"

Gari la nyuma likapiga honi, naye akaruka chini kulishughulikia. Dereva wetu hakungoja. Mpaka tunavuka mto kuingia Korogwe nilikuwa nawaza, kanga ya mama yangu ina ubaya gani?

Korogwe hadi mtoni

Asubuhi nilimpata Elia, mwenye pikapu, Msambaa wa milimani anayeshusha kabeji na viazi na kupeleka bidhaa za dukani vijijini. Huyu alikuwa kinyume cha yule wa guta. Alipolipakia sanduku alilipiga piga kwa vidole, akasema, "Mvule kavu. Hata mkwe akija, hili unaliweka mlangoni alione kwanza." Barabara ya Magoma ina mashamba ya mkonge, mistari yake inageuka taratibu unavyopita, na milima mbele imevaa mawingu mpaka kiunoni. Elia alikuwa ananieleza jinsi watu wa bondeni tunavyopika maharage vibaya. Nilikuwa na raha sana. Nilikuwa napanga kulikabidhi sanduku, nilale usiku mmoja, na kesho yake nipande kwenda Lushoto kuangalia baridi, halafu nitaona.

Karibu na kufika kuna kijito. Siku za kiangazi unakivuka bila kunyanyua suruali. Siku ile kilikuwa cha rangi ya chai ya maziwa na kimepanda.

"Mvua imenyesha kwetu juu," alisema Elia. "Matope tunawaletea ninyi."

"Tusubiri."

"Tukisubiri maji yataongezeka." Akaingiza gari. Tulivuka maji vizuri tu. Tulikwama baada ya maji, kwenye kipande cha udongo mweusi, gurudumu la nyuma likizama na sanduku likianza kuinamia mtoni.

Nikaruka nje. Mguu wa kulia ukazama mpaka gotini, nikauvuta, ukatoka bila kiatu. Nikawa nimepiga magoti natafuta kiatu kwa mkono, Elia yuko chini ya gari anafunga kamba, ndipo nikasikia watu wanakuja mbio. Walikuwa wanatoka mashambani, majembe wameyatupa. Hawakusalimia. Hawakuuliza kitu. Wanne wakashika ile miti, wakainua, sanduku likapanda begani kama limezoea, na wakaondoka nalo kwa hatua fupi fupi za haraka, wakiimba kwa sauti ya chini, "La ilaha illallah."

Jamani, hapo ndipo nilipoelewa. Sanduku refu, miti miwili, shuka jeupe, kanga juu. Mzee wa ng'ombe. Kofia iliyovuliwa. Mwenye duka aliyezima muziki. Na mimi niliyekuwa nawapungia watu mkono na kucheka, nimekaa kando ya jeneza.

Kutoka mtoni hadi nyumbani

Nikawakimbilia na kiatu kimoja. "Jamani, ngojeni. Si maiti. Ni mashuka."

Mzee mmoja wa kofia ya kufuma, baadaye nilimjua ni Mzee Rajabu, mwadhini wa pale, alirudi nyuma akanishika bega kwa upole.

"Najua, mwanangu. Tulia."

"Shikamoo mzee. Nakuambia kweli, ni mashuka. Na foronya."

"Marahaba. Ni mashuka, ni mashuka," alisema, ananipigapiga mgongo. "Mimi nilipofiwa na kaka yangu nilisema ameenda gulioni. Siku tatu nasema ameenda gulioni. Vuta pumzi."

Nikamwambia nina ufunguo wake hapa shingoni. Akautazama, machozi yakamlenga. Akauliza tunaelekea nyumba gani. Nikasema kwa Bibi Mwajuma, mimi ni mtoto wa mdogo wake. Akapaza sauti kwa walio mbele, "Kwa Bibi Mwajuma," na mtu mmoja akatangulia na baiskeli kupeleka habari. Nikajua sasa nimeharibu kabisa.

Kule mbele walikuwa wanapokezana. Kila tulipopita nyumba wanaume wawili watatu walitoka, wakaingiza bega, waliochoka wakapisha. Kwetu ndivyo ilivyo, jeneza halikupiti bila kulisindikiza hatua chache, na huulizi ni la nani. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Marehemu mwepesi huyu." Mwenzake akamjibu, "Ameumwa sana, maskini."

Nilitaka kucheka. Kicheko kilipofika kooni kikageuka kitu kingine, maana ni kweli alikuwa ameumwa sana, na mwishoni alikuwa mwepesi, mimi mwenyewe nilimbeba.

Kwa Mama mkubwa

Kilio tulikisikia kabla hatujaiona nyumba. Wanawake walishajaa uani. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mguu mbovu ameunyoosha, fimbo mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika mdomo, macho yanatafuta kwenye watu. Aliponiona nakuja nachechemea, matope mpaka kiunoni, alishusha mkono.

"Athumani ni wewe? Mzima?"

"Mzima, Mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nani yumo humo?"

Wanaume walikuwa wamelitua mbele yake. Kilio kikapungua kwa sababu kila mtu alitaka kusikia. Nikasema kwa sauti, "Hakuna mtu. Ni sanduku ulilolitaka. Nimejaribu kuwaambia."

Mtu akavuta pembe ya kanga, shuka likateleza, mvule ukaonekana, na kitasa chake cha shaba. Mzee Rajabu alilitazama sanduku, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo kweli ni mashuka."

"Nilikuambia, mzee. Na foronya."

"Tumebeba foronya kutoka mtoni," alisema mtu nyuma, na mwanamke mmoja akaanza kucheka kwa pua. Wengine wakaanza kuokota vilemba vyao na kujikung'uta matope, kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi.

"Msiondoke," alisema Mama mkubwa.

Aliweka kiganja juu ya mfuniko. "Mdogo wangu amezikwa mimi nimefungwa kitandani. Sikusikia mtu akilia. Sikuona mtu akimbeba. Niliambiwa kwa simu, na kwa simu mtu anaweza kusema chochote." Akapapasa ubao taratibu, kutoka upande wake wa kushoto mpaka wa kulia. "Leo nimemwona amebebwa. Mmembeba vizuri. Kaeni, baba zangu. Kaeni tumsomee."

Wakakaa. Mzee Rajabu akavua kofia, akaivaa tena, akaanza dua, na ua mzima ukaitikia. Elia alifika katikati, gari limetoka, na kiatu changu hajakiona. Alikuwa Mkristo peke yake pale. Alikaa kwenye kinu, akainamisha kichwa mpaka mwisho. Kisha akina mama wakaleta uji, na walioanza kucheka wakaruhusiwa kucheka.

Watu walipopungua Mama mkubwa aliniomba ufunguo. Alifungua mwenyewe. Harufu ya kivumbasi ikatoka, na harufu ya mama, ile ya sabuni ya mche na moshi kidogo. Upande wa kulia mashuka yalikuwa yamepangwa mpaka juu. Mama mkubwa hakuyagusa. Alikuwa anatazama upande wa kushoto, upande aliouacha mtupu siku aliyoolewa.

Nao ulikuwa umejaa. Mnajua mashuka huuzwa jozi. Kila jozi aliyonunua mama maisha yake yote, ya maua, ya mistari, ile ya bluu niliyomletea mimi kutoka Mwanza, shuka moja aliliweka kwake, na la pili aliliweka kwa dada yake. Yale ya kulia yamefifia kwa kufuliwa. Ya kushoto yalikuwa mapya.

Alilitoa la juu, akaliweka usoni. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo anayeitwa na mwenzake na hawezi kumfikia. Binti yake akataka kumshika, nikamzuia.

Alipomaliza, shuka lilikuwa limekunjuka lote mapajani mwake. Alijaribu kulikunja, likamshinda, ni shuka kubwa. Akaegemea fimbo, akainuka, akanitupia pembe mbili.

"Shika. Rudi nyuma. Vuta. Wewe hujui hata kushika shuka? Tulikuwa tunakunja mimi na yeye, hatuangaliani hata usoni." Nikavuta. "Sasa njoo." Nikamwendea mpaka mikono yetu ikakutana, akazichukua pembe zangu, nikaokota mkunjo wa chini, nikarudi nyuma tena.

"Yote haya yaanikwe juani, yakunjwe upya," alisema, anaangalia sanduku. "Kushoto na kulia. Ni kazi ya watu wawili. Kesho unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimepanga Lushoto. Nikamwambia siendi popote.

Nilikaa mpaka shuka la mwisho. Kiatu wala sikukitafuta.